Wapandafarasi wa Hiari wa Nairobi
Mkaazi wa Njiru, jijini Nairobi, apitaye leo katika msongamano wa Barabara ya Kangundo huenda akastaajabu kusikia kwamba Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, walowezi wa Kizungu walimiminika Nairobi, huyu juu ya farasi, yule juu ya nyumbu, wakaunda kikosi cha hiari, East African Mounted Rifles, ambacho sare yake, kama yastahiki jina hilo, ilikuwa mavazi ya shambani. Kundi moja liliitwa Monica's Own, kwa jina la binti wa Gavana Henry Belfield, likashika mikuki ya mianzi. Tafrija, naona, kuliko harbi! Mlowezi Berkeley Cole naye, aliyeongoza wapiganaji wa Kisomali, alikuwa shemeji wa Lord Delamere, kinara wa walowezi. Baada ya mapambano na Wajerumani huko Longido, Novemba 1914, kikosi kilipungua, wengi wakihamia kwingine kuwa maofisa, sasa wamevaa sare kamili.