Neno "Kadogo" na Vita Vyetu

Muhula uliopita mhadhiri wetu alituonyesha filamu iitwayo Rebelle, iliyoongozwa na Kim Nguyen wa Canada na kutolewa mwaka 2012. Inahusu Komona, msichana wa miaka 12 anayetekwa na waasi na kulazimishwa kuwapiga risasi wazazi wake mwenyewe. Nchi yake haitajwi, lakini filamu ilipigwa Kinshasa, na sisi Wakongo tulijitambua mara moja. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Rachel Mwanza, msichana aliyewahi kuishi mitaani Kinshasa, naye alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin.

Taa zilipowashwa, mwenzetu mmoja aliuliza: "Watoto hawa huwa wanatoka wapi?" Nilinyamaza, ingawa jibu nilikuwa nalo nyumbani. Mdogo wa mama yangu, yaani mjomba wangu, aliingia jeshini mwishoni mwa mwaka 1996 akiwa na miaka 13. Leo ana mvi, lakini mtaani kwetu Bukavu bado anaitwa Kadogo. Katika insha hii nitafuata historia ya neno hilo, kwa sababu naona linatuonyesha vita vilivyopita njia gani.

Kwanza, sarufi yake. Katika Kiswahili sanifu udogo huonyeshwa kwa kiambishi ki-, kama katika kitoto. Huku kwetu Kivu, na katika lugha nyingi za Kibantu za jirani, tunatumia ka- na tu-: katoto, tutoto. Kiambishi hiki mara nyingi hubembeleza. Mama humwita mwanawe hivyo anapombeba. Kwa hiyo kadogo ni neno la mapenzi, na ndani yake hamna bunduki.

Bunduki iliingia Uganda. Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba, wakaanza vita vya msituni vilivyoenea Luwero. Wanavijiji wengi waliuawa, na watoto waliobaki yatima waliwafuata wapiganaji wa NRA, kwani hawakuwa na pa kwenda. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na watoto hao wakaitwa kadogo. Jeshi hilo lilipoiteka Kampala Januari 1986, watu waliwaona watoto wenye silaha wakiwa miongoni mwa washindi. Hapa tuwe waangalifu. Jeshi liliweza kusema kwamba limewalea yatima, na kwa sehemu ni kweli. Lakini mlezi anayempa mtoto bunduki anamlea kwa ajili ya nani?

Katika NRA walikuwemo pia wakimbizi wengi kutoka Rwanda. Baadhi yao ndio walioanzisha vita vya RPF nchini mwao tarehe 1 Oktoba 1990. Miaka sita baadaye Rwanda na Uganda ziliunga mkono muungano wa AFDL ulioongozwa na Laurent-Désiré Kabila dhidi ya Mobutu. Maofisa walivuka mpaka na mazoea yao, na neno likavuka pamoja nao. Ila Kongo halikukuta yatima tu. Lilikuta pia wanafunzi.

Mjomba wangu hakutekwa kama Komona. Mama anasimulia kwamba asubuhi moja alitoka na daftari lake, na jioni wenzake wakarudi bila yeye. Daftari alikuwa amemwachia rafiki yake. Nilipomuuliza kwa nini alikwenda, alisema: "Shule ilikuwa na karo, jeshi halikuwa na karo." Kisha akaongeza kwamba walikuwa wanaimba, na walioimba walionekana hawaogopi. Watu husema watoto hao walijitolea. Sheria ya kimataifa haikubali utetezi huo kwa walio chini ya miaka 15, na nikimfikiria mjomba naelewa sababu. Mtoto wa miaka 13 aliyechagua kati ya njaa na wimbo hajachagua vita.

Tarehe 17 Mei 1997 AFDL iliingia Kinshasa. Wakazi wa mji huo, waliozoea Kilingala, walishangaa kuona askari wadogo waliovaa mabuti ya mpira wakizungumza Kiswahili. Walishangiliwa. Mji uliwapokea kama wakombozi, na hapo neno kadogo likawa karibu cheo cha heshima. Lakini mwaka uliofuata vita vilianza upya, na watoto waliendelea kuandikishwa pande zote. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila mwenyewe aliuawa na mmoja wa walinzi wake, ambaye wengi humtaja kuwa kadogo wa zamani. Mauaji hayo bado yana maswali mengi, nami sitajaribu kuyajibu hapa.

Hatimaye neno lilifika mahakamani. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC huko Ituri, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague. Machi 2012 alipatikana na hatia ya kuandikisha watoto walio chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani katika miaka ya 2002 na 2003, akafungwa miaka 14. Mashahidi wengi walizungumza Kiswahili. Lugha iliyowapa watoto amri ndiyo iliyotumika kueleza waliyotendewa.

Hata hivyo mahakama haikumaliza tatizo. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na LRA akiwa mtoto njiani kwenda shuleni, akakua humo hadi kuwa kamanda, na mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani kwa makosa mengi, likiwemo la kuandikisha watoto. Alifungwa miaka 25. Aliyetendewa na aliyetenda ni mtu mmoja. Filamu inaisha Komona akiwa bado kijana, nasi tunaweza kumhurumia bila shida. Historia inaendelea mpaka mtoto huyo anapata ndevu, na hapo huruma yetu huishiwa nguvu.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba neno kadogo lilisaidia vita kwa sababu ya upole wake. Lilimfanya mtoto ajione anapendwa na mkubwa ajione mlezi. Nilipomsomea mjomba sehemu ya insha hii, alisikiliza hadi mwisho. Hakubishana na tarehe wala majina ya majeshi. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikimsalimia mbele ya watu nimwite mjomba. Tangu siku hiyo nafanya hivyo, nami nawasikia baadhi ya majirani wakianza kuniiga.