Kabla ya wabeba boksi, walikuwepo manamba

Wadau, nimerudi mjini. Nilikuwa kijijini kwetu Mbesa, wilayani Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Nilikwenda kumsalimia bibi, nikajikuta nimekalishwa kwenye kesi ya kaka yangu.

Kaka yuko Uingereza, anabeba boksi kwenye ghala la vyakula. Kila mwezi anatuma pauni 60. Kosa lake ni moja: siku fulani alisema kwenye simu kwamba sukari huko ni rahisi kuliko Tunduru. Baba mdogo hakuisahau kauli hiyo. "Kama vitu ni rahisi namna hiyo, pesa yake inakwenda wapi?" Nisiwafiche, hata mimi nilikuwa upande wa mashtaka. Nilishawahi kumtumia kaka ujumbe mkali kwamba amesahau alikotoka.

Bibi alikuwa anapepeta mahindi, wala hakuinua kichwa. Akasema, "Hivyo hivyo walimsema babu yenu alipotoka Tanga."

Hapo ndipo nikaweka simu pembeni, nikasikiliza.

Babu alikuwa manamba. Kwa wale waliozaliwa juzi, manamba ni vibarua wa mkataba waliopelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Jina lenyewe limetokana na namba, kwa sababu kule mtu alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa watu wengi.

Kwa nini kusini? Wajerumani walipitisha sheria ya kodi ya kibanda mwaka 1897, na kodi hiyo ilitaka fedha. Kisha ikaja Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata ikawamaliza watu. Reli zilijengwa kutoka Tanga na Dar es Salaam kuelekea bara, si kwetu. Mtu wa Ruvuma hata akivuna mahindi mengi, soko lilikuwa mbali. Alichoweza kuuza ni mikono yake.

Kule mkonge babu alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, kadi inatiwa alama. Usipomaliza, siku imepotea. Mshahara unakuja kipande kikijaa, si mwezi ukiisha. Pia alipewa posho ya chakula, lakini posho ile ilikuwa ya kumlisha mfanyakazi, siyo mke na watoto aliowaacha nyumbani.

Hapa ndipo pana siri ya bei ambayo shuleni hatukufundishwa. Mishahara ya wakati wa ukoloni iliwekwa kana kwamba kila kibarua ni kapera. Hesabu ilikuwa kwamba familia ina shamba kijijini, itajilisha yenyewe. Kwa maneno mengine, jembe la bibi hapa Mbesa lilikuwa linamsaidia tajiri wa mkonge kule Tanga, na bibi hakuwahi kulipwa hata senti.

Babu aliporudi na baiskeli, shuka mbili na shilingi chache, watu walipiga hesabu kwa bei za Mbesa. Wakasema fedha ya muda wote ule ingejaza ghala la mahindi. Kumbe yeye kila alichokitamani nje ya posho, iwe samaki, sigara au shati, alikinunua kwa bei za Tanga. Alipokea kwa bei ya huko, akahukumiwa kwa bei ya hapa.

Sasa turudi kwa kaka. Tuiache pauni kwanza, tuhesabu saa za kazi.

Aprili 2025 kima cha chini Uingereza kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Kilo ya sukari kwake ni pauni moja na senti kidogo, kwa hiyo saa moja inampatia kilo kama kumi. Kwetu, kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Ukigawa kwa wiki ya saa 45, unapata kama shilingi 2,560 kwa saa. Sukari ikiwa shilingi 3,000, saa nzima haitoshi kilo. Kaka hakusema uongo.

Lakini binadamu halali ndani ya sukari. Chumba chake ni pauni 650 kwa mwezi, yaani saa 53 za kubeba boksi kabla kodi ya mapato haijakatwa. Bado nauli, bado deni alilokopa kwa tiketi na viza. Akitamani unga wa ugali au mhogo, anaufuata duka la Waafrika na analipia safari yake ya meli. Bibi halipi pango. Mhogo uko nyuma ya nyumba, mchicha uko bondeni, na msimu wa embe watoto wanarushiana.

Kwa hiyo swali la wapi maisha ni rahisi halijibiwi na bei ya kitu kimoja dukani. Inabidi uulize saa ngapi zimefanywa kazi, nani anamiliki paa, na nani analima bila kulipwa.

Usiku ule nilimpigia kaka nikamwomba radhi kwa ule ujumbe. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama bibi bado anakohoa.

Asubuhi nikamweleza baba mdogo hesabu yote, saa kwa saa. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha ukutani, ambako fremu ya ile baiskeli bado imening'inizwa, imeota kutu.

"Sawa, mwanangu. Lakini mwenzake alirudi na hii. Huyu atarudi na nini?"

Hapo sikuwa na jibu. Wenye ndugu huko nje, mfikirieni kabla hamjatuma ule ujumbe mkali.