Safu ya lugha: Ala za asili au za jadi?

Mwaka 1973 mpiga saksofoni Gato Barbieri, mzaliwa wa Rosario, Argentina, alitoa albamu Chapter One: Latin America, ambamo saksofoni yake inaitikiana na filimbi ya kena, charango, kinubi na ngoma ya bombo. Kwa Kiswahili tungeharakisha kuziita "ala za asili", na hapo tungepotosha. Asili ni chimbuko, na chimbuko la ala hizi si moja: kena ilipulizwa Andes karne nyingi kabla ya Wahispania, kinubi kililetwa na Wahispania hao hao, na charango ilizaliwa pale mafundi wa Andes walipoyageuza magitaa ya wageni, nyingine wakiziunda kwa gamba la armadilo.

Neno linalofaa ni "jadi", yaani kilichorithiwa kwa mababu, popote kilipoanzia. Atatokea wa kusema kwamba "ngoma za asili" imezoeleka kwa maana hiyo hiyo. Ni kweli, wala siiondoi. Lakini katika albamu hii "asili" inaifanya saksofoni ionekane mgeni pekee, ilhali kinubi nacho kilivuka Atlantiki. Kimeitangulia saksofoni, iliyopewa hataza Paris mwaka 1846, kwa karne kadhaa tu.