Wasomaji wa Don Corleone

Jioni moja, riwaya yake ikiwa inagombewa madukani, Mario Puzo alikuwa Chasen's, mgahawa wa watu wa sinema huko Los Angeles. Mtu mmoja aliyependa kukutanisha wakubwa akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye meza ya Frank Sinatra. Puzo hakutaka kwenda. Sinatra hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake. Alipotajiwa aliyesimama mbele yake ni nani, alianza kufoka, akafoka mpaka mwandishi yule mnene mwenye miwani akageuka na kujiondokea.

Sababu ilikuwa Johnny Fontane, mwimbaji wa riwayani ambaye kazi yake imedorora hadi baba yake wa ubatizo, Don Vito Corleone, anapomtafutia nafasi kwenye sinema kwa njia tunayoijua sote, ile ya kichwa cha farasi kitandani. Wasomaji wengi waliamini Fontane ni Sinatra. Inaelekea Sinatra naye aliamini hivyo hivyo.

Napenda kisa hiki kwa sababu msomaji kwa kawaida hukasirikia kitabu chumbani kwake, akakifunga, yakaisha. The Godfather hakijawahi kuwa na wasomaji wa namna hiyo. Tangu kilipotoka Machi 1969 kimesomwa na watu wenye deni nacho au wanaokidai, na kila mmoja amekisoma kana kwamba ni barua iliyoandikwa kwa jina lake.

Tuanze na msomaji wa kwanza, yaani mwandishi mwenyewe, ambaye hakukipenda sana.

Puzo alizaliwa mwaka 1920 Hell's Kitchen, wakati huo mtaa wa mafukara upande wa magharibi wa Manhattan. Wazazi wake walitoka vijiji vya Campania, kusini mwa Italia. Baba alikuwa kibarua wa reli. Ugonjwa wa akili ulipomzidi akapelekwa hospitalini, na mama akabaki na watoto. Ndoto kubwa ya mama juu ya Mario ilikuwa siku moja awe karani wa reli. Yeye akachagua kuandika. Alitoa The Dark Arena mwaka 1955 na The Fortunate Pilgrim mwaka 1965. Wahakiki walizisifu, na zote mbili pamoja zikamwingizia dola 6,500. Ile ya pili, inayosimulia mama mhamiaji anayepigana na umaskini wa New York, ndiyo aliyoihesabu kuwa kazi yake bora. Lakini alikuwa na watoto watano na deni la dola 20,000 alilokuwa akidaiwa na ndugu, benki na watu wa kamari. Basi akaamua kuandika kitabu cha kuuza. Alisema baadaye, bila kuona haya, kwamba angejua watu wengi kiasi kile wangekisoma angekiandika vizuri zaidi. Alikiri pia kwamba alipokiandika hakuwa amewahi kukutana na jambazi wa kweli hata mmoja. Yote aliyatoa kwenye utafiti.

Kitabu kilikaa wiki 67 kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times. Haki za toleo la jalada laini ziliuzwa kwa dola 410,000. Puzo alimpigia mama yake simu kumpa habari. Mama alisikia elfu arobaini. Ilibidi arudie mara kadhaa, na bibi yule alipoelewa hatimaye, alimwonya mwanawe asimwambie mtu.

Hapo ndipo ninapocheka kila mara, kwa sababu huyo ni Don Corleone kabisa. Na Puzo alilisema jambo hilo waziwazi: kila Don alipofungua kinywa, sauti aliyoisikia kichwani ilikuwa ya mama yake. Hekima yake, ukali wake, upendo wake mkubwa kwa familia, usiri wake mbele ya wageni, vyote vilitoka kwa mama wa Hell's Kitchen aliyelea watoto katika nchi isiyomjua. Wanaume wa nusu ya dunia wamejaribu kuongea kama Don Corleone, taratibu, sauti ya chini, mkono shavuni. Wamekuwa wakimwiga bibi mmoja mhamiaji.

Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha sita, nakala iliyopoteza jalada na kurasa kumi za mwisho, nikakimeza kwa siku mbili. (Siku hizo mwalimu wetu wa jiografia alipotaja Mafia alikusudia papa potwe na minazi ya kisiwani kwetu, jambo jingine kabisa.) Kilichoniteka ni ukurasa wa kwanza. Amerigo Bonasera, mwenye kampuni ya mazishi, ameketi mahakamani New York akingoja haki. Vijana wawili wamempiga binti yake hadi kumvunja taya. Hakimu anawahukumu, kisha anaiahirisha adhabu kwa sababu ni watoto wa familia nzuri. Wanatoka wakitabasamu. Bonasera, aliyeiamini Marekani maisha yake yote, anamwambia mkewe kwamba haki wataifuata kwa Don Corleone.

Msomaji aliyewahi kufungua faili la kesi kituoni na kuambiwa arudi kesho, na kesho nyingine, hahitaji kufafanuliwa chochote. Puzo alijua anachofanya. Alimwonyesha kwanza mtu aliyeonewa na sheria. Wauaji walikuja baadaye, kama jibu. Ukishakubali swali lake, umeshakubali nusu ya jibu.

Waitalia wa Marekani walikuwa na hofu nyingine, na ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1890 mkuu wa polisi wa New Orleans, David Hennessy, alipigwa risasi akafa. Waitalia wakakamatwa. Machi 1891, baada ya baraza la wazee wa mahakama kushindwa kuwatia hatiani waliokuwa wameshtakiwa, umati ulivunja gereza na kuwaua Waitalia 11. Neno “mafia” lilikuwa midomoni mwa umati ule na kwenye magazeti yaliyoushangilia. Kwa hiyo mfinyanzi, mwashi au mwalimu mwenye jina linaloishia na irabu, alipoona mwaka 1969 kila abiria wa treni ameshika kitabu kinachosema familia ya Kiitalia ni genge, hakuwa anadeka alipoudhika.

Bahati mbaya ni nani aliyejitokeza kumsemea. Mwaka 1970 Joseph Colombo alianzisha chama cha kutetea haki za kiraia za Wamarekani wenye asili ya Italia. Maelfu walikusanyika Columbus Circle, Manhattan, tarehe 29 Juni mwaka huo. Waziri wa sheria wa Marekani akaelekeza wizara yake iache kutumia neno “Mafia”. Sinatra, yuleyule wa Chasen's, alitumbuiza kwenye tamasha la kuchangia chama hicho. Mwaka 1971 mtayarishaji wa filamu, Albert Ruddy, alikutana na Colombo wakakubaliana kwamba neno hilo litaondolewa kwenye mswada wa filamu. Kulifuta hakukuwa kazi. Halikuwemo ila kwa nadra. Na Colombo mwenyewe alikuwa mkuu wa mojawapo ya familia tano za mafia za New York. Tarehe 28 Juni 1971, kwenye mkutano wa pili palepale Columbus Circle, alipigwa risasi mbele ya umati. Alipooza, akafa mwaka 1978.

Simcheki mfinyanzi yule. Malalamiko yake yalikuwa ya haki hata kama kipaza sauti kilishikwa na jambazi. Ila nadhani wote wawili walikisoma kitabu kwa kosa moja: walihangaika na jina la Waitalia, wakasahau kuuliza habari za watu ambao mafia iliwaua kwao.

Don Vito anatoka Corleone, mji wa kweli kusini mwa Palermo. Katika riwaya yeye mwenyewe ndiye anayechukua jina la mji ule alipofika Marekani, ili asipoteze kamba inayomfunga na kwao. Mwanawe Michael anajificha Sicily miaka ya baada ya Vita vya Pili. Anatembea mashambani, anakula machungwa, anampenda Apollonia.

Miaka ileile, Corleone halisi ilikuwa na kijana aitwaye Placido Rizzotto. Alikuwa amepigana upande wa wapinzani wa ufashisti wakati wa vita, kisha akarudi kuongoza chama cha wafanyakazi, akiwasaidia wakulima wasio na ardhi kudai mashamba yasiyolimwa ya mabwana wakubwa. Mashamba hayo yalisimamiwa na watu wa mafia. Usiku wa tarehe 10 Machi 1948 alitekwa, akauawa, mwili ukatupwa kwenye ufa wa mlima wa Rocca Busambra. Inasemekana mtoto mchungaji wa miaka 13, Giuseppe Letizia, aliyaona mauaji. Alipelekwa hospitalini akiweweseka na akafa huko. Wengi waliamini aliuawa kwa sindano. Hospitali hiyo iliongozwa na Dkt. Michele Navarra, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wa mafia wa Corleone. Kapteni wa polisi aliyechunguza kesi, Carlo Alberto Dalla Chiesa, alipata ushahidi dhidi ya Luciano Liggio na wenzake. Mahakama ikawaachia kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Soma tena ukurasa wa kwanza wa Puzo baada ya haya. Yule baba anayetoka mahakamani bila haki yupo, ila aliyeinunua mahakama ni Don.

Ni lazima nimtendee Puzo haki hapa, kwani wasomaji wengi huruka sura za Sicily ili wawahi risasi za New York. Humo Michael anatambua kwamba mafia ya kisiwani imekuwa mkono wa siri wa matajiri na msaidizi wa wenye mamlaka, na anaona baba yake angekuwa mtu gani kama asingehama. Puzo alijua. Aliliandika, kisha akaendelea na hadithi kama mtu aliyeona ajali barabarani akaongeza mwendo. Ndani ya riwaya yake karibu kila anayeuawa ni jambazi au mshirika wa majambazi. Hakuna mwenye duka anayetoa hela ya ulinzi kila mwezi huku mkono ukimtetemeka.

Hao walikuwa wameshaandikwa miaka minane kabla, na mtu aliyebaki nyumbani. Leonardo Sciascia, mwalimu wa shule kutoka Racalmuto, alitoa Il giorno della civetta mwaka 1961, wakati ambapo Italia ilikuwa bado na wanasiasa wanaosema mafia ni uzushi. Tume ya bunge ya kuichunguza iliundwa kwa sheria ya Desemba 1962. Kinaanza alfajiri, basi likiwa linaondoka, na mkandarasi mdogo aliyekataa “ulinzi” anapigwa risasi akilidandia. Abiria wanatoweka mmoja mmoja. Muuza vitafunwa aliyekuwa hatua chache tu anauliza kwa mshangao kama kuna mtu aliyepiga risasi. Kapteni Bellodi, kijana kutoka Parma, anaifumbua kesi yote, nayo inavunjwa mikononi mwake na watu wa Roma. Kurasa hazifiki 150.

Na hata kitabu hicho kikavu kiligawa wasomaji! Bosi wake, Don Mariano, ana hotuba moja anayowapanga wanadamu katika madaraja, na anamhesabu Bellodi katika daraja la juu, la watu kamili. Bellodi naye anamrudishia heshima. Wasicilia wengi waliikariri hotuba hiyo na kuitumia mabarazani kusutana. Andrea Camilleri, rafiki wa Sciascia na mwandishi wa riwaya za polisi Montalbano, alisema baadaye kwamba Don Mariano anapendeza kupita inavyostahili. Nakubaliana naye, ingawa sijui mwandishi angefanyaje. Mpe mwovu akili na maneno machache, na msomaji atamsogezea kiti.

Wahusika wenyewe nao walisoma, au angalau walitazama filamu ya mwaka 1972. Matteo Messina Denaro alikamatwa Palermo tarehe 16 Januari 2023 baada ya miaka 30 mafichoni. Mtu huyu alihukumiwa kwa kushiriki utekaji wa Giuseppe Di Matteo, mtoto aliyefungiwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kunyongwa mwaka 1996 na mwili kuyeyushwa kwa tindikali. Nyumbani kwake Campobello di Mazara polisi walikuta, kwenye friji, sumaku ya mapambo yenye maandishi yanayosema kwamba yeye ndiye Godfather.

Dalla Chiesa alipanda vyeo akawa jenerali, akatumwa Palermo kama mkuu wa mkoa kupambana na mafia. Aliuawa tarehe 3 Septemba 1982 pamoja na mkewe na askari aliyekuwa akiwalinda. Waliotoa amri walikuwa mabosi waliomrithi Liggio, yule aliyekuwa amemchunguza zaidi ya miaka thelathini kabla.

Watalii bado wanafika Corleone wakitafuta mitaa ya filamu. Haipo, sehemu za Sicily zilipigwa upande wa pili wa kisiwa, Savoca na Forza d'Agrò, kwa kuwa Corleone ilishaonekana ya kisasa mno. Pale mjini kuna kituo chenye nyaraka za kesi kubwa iliyoanza Palermo mwaka 1986, ambayo watu 338 walitiwa hatiani. Uwanjani kuna sanamu ya kichwa cha Rizzotto. Mifupa yake ilitolewa mlimani mwaka 2009, ikatambuliwa kwa vinasaba miaka mitatu baadaye, na tarehe 24 Mei 2012 Italia ikamzika kwa heshima za kitaifa, miaka 64 tangu atekwe. Rais wa nchi alikuwepo kanisani.