Ndege ndogo, ushindani mkubwa

Kwa wanachama wa Senior Pattern Association, chama cha Marekani cha wapenzi wa sarakasi za ndege ndogo za kale zinazoongozwa kwa redio, swali la kwanza kuhusu ndege si bei wala kasi yake, bali ilibuniwa lini. Kama mchoro wake ni wa baada ya mwaka 1975, haishindani hata iwe nzuri namna gani.

Mizizi ya mchezo huu iko Dübendorf, Uswisi, ambako mwaka 1960 Mmarekani Ed Kazmirski alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa sarakasi za ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Ndege yake, Orion, aliibuni mwenyewe. Rimoti ya wakati ule ilikuwa na swichi tu, na ndani ya kipokezi mlikuwa na vibamba vyembamba vya chuma, kila kimoja kikitikisika kwa mlio wake. Bapa la mkia lilipanda lote au halikupanda kabisa. Rubani aliyetaka kuchora duara angani alilazimika kuidonoadonoa swichi kwa kidole, haraka na kwa kipimo, la sivyo duara lilitoka na pembe.

Miaka michache baadaye zikaja rimoti za vijiti: ukisukuma kidogo, bapa linaitika kidogo. Mwaka 1967, kisiwani Corsica, Phil Kraft alishinda ubingwa wa dunia kwa Kwik Fli III. Kraft mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa rimoti, na ushindi ule ulikuwa tangazo ambalo fedha haiwezi kununua.

Leo ndege za ubingwa wa dunia huruhusiwa kufikia mita 2 kwa urefu na kwa upana wa mabawa, na kilo 5 kwa uzito. Ni mitambo ya ajabu, lakini ghali. Wapenzi wa ndege za kale wanarudi kwenye mbao za balsa na injini za sentimita 10 za ujazo zinazonuka methanoli na mafuta ya nyonyo, na majaji wanatoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila sarakasi.

Hata hivyo, hawang'ang'anii kila cha kale. Zamani rubani hakuthubutu kuwasha rimoti kabla ya kuchukua ubaoni kibanio cha nguo chenye namba ya masafa yake, maana wawili wakigongana masafa, ndege ilianguka. Rimoti za gigahezi 2.4 zimeondoa hofu hiyo, na hakuna anayelilia kibanio.