Mkalimani wa Sinema: Kutoka Lori la Vugiri hadi Sebule ya Mlimani

Kila mwaka, Desemba inapofika katikati, mji wa Same hubadilika. Mabasi yatokayo Dar es Salaam na Tanga hushusha kando ya barabara kuu watu na mizigo yao: mifuko ya mchele, madumu ya mafuta, mabegi yaliyofungwa kamba, na watoto waliosinzia njiani wakaamka hawajui wako wapi. Kutoka hapo safari hugeuka kuwa ya kupanda. Magari hukwea kuelekea Mbaga, Suji, Chome na Vudee, na huko juu kila nyumba yenye moshi jikoni inamngoja mtu wake. Kwetu Upareni, iwe Krismasi au Idi, sikukuu ni mwana kurudi, chungu cha makande kuinjikwa, na watu kukaa pamoja jioni.

Makala haya yanahusu kikao hicho cha jioni, hasa sehemu yake iliyo changa kuliko zote, yaani kutazama sinema. Nimefundisha Kiswahili na historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na kwa miaka mingi niliamini kuwa sinema imekuja kuua masimulizi ya jikoni. Sasa siamini hivyo tena. Nikiitazama historia yenyewe, naona kuwa kwetu sinema haikuja peke yake. Ilikuja pamoja na mtu wa kuisimulia. Huyo mtu ndiye ninayetaka tumfuate nyayo.

Ukitoka Same kuelekea Tanga, baada ya Hedaru na Mkomazi, milima ya Usambara hukusindikiza upande wa kushoto. Juu ya milima hiyo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Korogwe, kuna mahali paitwapo Vugiri. Hapo, mwaka 1935, uliwekwa mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, usimamizi ukiwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na wakuu wake wakiwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Katika muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu takribani 35. Zilikuwa fupi, za milimita 16, na nyingi ziliigizwa na Waafrika wenyewe.

Mada zake zilikuwa za kiserikali: mmomonyoko wa udongo, safura, malaria ya watoto wachanga, biashara ya ngozi, kodi. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta. Humo mfanyakazi anaficha mshahara wake ardhini ndani ya nyumba, mwizi anaufukua, na mtazamaji anatarajiwa kutambua kuwa posta ni salama kuliko shimo. Hata hivyo, miongoni mwa masomo hayo waliweka pia kisa cha sungura na chui. Hicho hakikuhitaji kufundishwa na mtu yeyote. Kila bibi wa Pwani na wa bara alikuwa nacho, au ndugu yake, tangu zamani.

Lori la mradi lilizunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, na katika ziara ya kwanza pekee, kuanzia mwaka 1935 hadi mwanzoni mwa 1936, maonyesho yake yalitazamwa na watu wapatao 80,000. Jambo linalotuhusu sisi wapenzi wa lugha ni namna sauti ilivyotolewa. Filamu zilipigwa bila sauti. Maneno yalirekodiwa kando, katika sahani za santuri, kwa lugha za mahali lori lilipokwenda, Kiswahili kikiwamo. Picha ilikuwa moja, lakini maneno yalibadilishwa kufuata wasikilizaji. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, picha na neno vilikuwa vitu viwili, na neno lilitafutiwa msemaji wake.

Mradi ulikufa mwaka 1937 kwa kukosa fedha, maana serikali za makoloni hazikutaka kuubeba. Filamu ya kodi ilikuwa imekwisha kutoa somo lake, na Wapare nao, miaka michache baadaye, walitoa lao. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same kupinga kodi ya mbiru, iliyomkadiria kila mtu kulingana na mali yake. Hawakuja na fujo. Walikuja wakaketi, wakakataa kutawanyika, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinatukumbusha kuwa mtu anayefundishwa huwa naye ana maoni yake.

Baada ya Vugiri kilikuja kitengo cha filamu cha serikali ya Uingereza kwa ajili ya makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939. Wataalamu wake walishikilia kuwa Mwafrika hawezi kufuata filamu isipokuwa iwe ya polepole na rahisi kabisa. Ushahidi uliopendwa sana ulikuwa kisa kilichosimuliwa na John Wilson wa London, ambacho Marshall McLuhan wa Kanada alikisambaza duniani katika kitabu chake cha mwaka 1962. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Wanakijiji wa Afrika walipoulizwa wameona nini, walijibu: tumeona kuku. Watengenezaji hawakujua kuwa kulikuwa na kuku. Walipoipitia filamu yao picha kwa picha, wakamkuta kweli, akikatiza kwenye kona kwa muda wa sekunde moja hivi.

Wasomi wengi walikichukua kisa hicho kuwa dalili ya macho yasiyojua kutazama. Mimi nakisoma kinyume chake. Macho yaliyomwona kuku ambaye mpiga picha mwenyewe hakumwona ni macho makali. Tena sisi Wapare tunataniwa na jirani zetu kwamba Mpare yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kama filamu ile ingeonyeshwa kwetu, swali la kwanza lingekuwa: kuku yule ni wa nani, na kwa nini anakurupushwa? Hilo ni swali la mtu anayetafuta kisa ndani ya picha. Kosa la filamu ile ni kwamba haikuwa na kisa, na hapakuwa na mtu wa kujibu maswali.

Mtu huyo niliwahi kumwona kwa macho yangu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, miaka ya 1960, gari la sinema la serikali lilipokuja. Turubai jeupe lilitundikwa uwanjani kabla jua halijazama. Jenereta iliwekwa mbali ili isizidi sauti. Watu walishuka kutoka vitongojini wakiwa na vigoda, mikeka na watoto mgongoni. Mbele, karibu na projekta, alisimama kijana mwenye kipaza sauti. Filamu ilizungumza Kiingereza, lakini sikumbuki neno hata moja la Kiingereza lile. Nakumbuka Kiswahili cha kijana yule. Aliwapa wahusika majina ya kwetu. Aliwaonya kama vile wangemsikia. Uwanja ulipocheka alisubiri, na kikongwe alipouliza jambo kwa Chasu, alijibu kwa Chasu, kisha akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya wageni wa stesheni. Tulirudi nyumbani tukiigiza sauti yake, wala si sauti za wazungu wa kwenye turubai.

Mijini mambo yalikuwa mengine. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa Royal tangu mwaka 1921, na Tanga, Moshi na Dar es Salaam nazo zikapata kumbi zao. Idi ilipofika, familia zilivaa nguo mpya zikaenda sinema, hasa kutazama filamu za Kihindi, na nyimbo zake zikaimbwa mitaani hata na wasiojua maana yake. Mwaka 1966 Dar es Salaam ikapata uwanja wa kutazamia filamu mtu akiwa ndani ya gari. Sisi wa milimani tulizisikia habari hizo kutoka kwa ndugu waliorudi likizo. Usiku, kando ya moto, walitusimulia filamu nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Nikikumbuka, filamu nyingi za utoto wangu nilizisikia tu. Sikuziona.

Mambo haya yaliacha alama katika lugha. Neno sinema lilikuja na jengo na gari lake. Picha likapata maana ya pili, hata mtu akasema anakwenda kuangalia picha. Mkanda, uliokuwa wa kiunoni, ukawa filamu yenyewe. Neno la Kiingereza lililoandikwa mbele ya jina la mwigizaji mkuu likageuka kuwa steringi, na kila mtoto akajua sheria kuwa steringi hafi. Wazee wa kwetu walimwita chale mtu yeyote mwenye vituko, nao walilihusisha jina hilo na Charlie Chaplin. Hata siasa yetu ina kipande chake hapa: Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla nchi haijapata uhuru.

Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliingojea hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo na baada yake zilitawala kanda za video, na pamoja nazo vibanda umiza, vyumba vya mabati na mabenchi ambamo mtu hulipa kidogo, akajibanza na kutoka ameumia kiuno. Humo mkalimani wa uwanjani alifufuka. Nchini kwetu Lufufu alijulikana kwa kutia Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na Kenya ikampata DJ Afro. Uganda nayo ilizaa kundi zima la wasimulizi wa namna hiyo kwa Kiganda. Walimu wenzangu waliwalaumu kwa kuongeza mambo yasiyokuwamo. Nami niliwalaumu. Lakini kuongeza mambo yasiyokuwamo ni kazi ya msimulizi tangu dunia iumbwe.

Sasa nije kwenye sebule yetu. Desemba iliyopita tulikusanyika nyumbani, Pare ya kusini, vizazi vinne. Mama yangu amevuka miaka themanini na mitano. Lugha yake ni Chasu. Kiswahili anacho cha sokoni na cha ibadani. Vitukuu wake wanne walitoka Dar es Salaam, kila mmoja na simu, na usiku wa kwanza walikaa chumba kimoja wakitazama filamu nne tofauti, hedifoni masikioni. Mama aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: mbona nyumba ina watu na haina sauti?

Usiku wa pili ulikuwa wa Ijumaa, na kwa majirani zetu Wasabato jua likizama siku hiyo hakuna sinema, basi nasi tukaheshimu, tukakaa kwa hadithi na vitendawili. Usiku wa tatu, Jumamosi jua lilipokwisha kutua, majirani walikuja na tukawasha televisheni moja kwa watu wote. Filamu ilikuwa ya Kikorea, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Mama akauliza: yule mwanamke analia nini? Kitukuu wa miaka kumi na mmoja akamjibu kwa Kiswahili. Mama akauliza swali la pili kwa Chasu, mtoto akanigeukia, nami nikalifasiri. Tukaendelea hivyo kwa saa mbili: mtoto akisoma Kiingereza na kusema Kiswahili, mimi nikipeleka na kurudisha Chasu. Filamu ilisimamishwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuna aliyelalamika. Mama alimlaumu baba wa kwenye filamu kwa kuuza shamba bila kikao cha ukoo, na sebule nzima ikajadili shauri hilo hadi usiku mwingi.

Nilipolala nilifikiri jambo lililoniondoa usingizi. Kati ya mama yangu na kitukuu wake palikuwa na daraja moja, nalo ni mimi, na daraja hilo limekwisha kuvuka miaka sitini. Nikiondoka, wawili hao, au wale watakaokaa mahali pao, watakaa chumba kimoja wakitazama picha moja na wasiweze kuulizana kitu. Si filamu iliyoleta hatari hiyo. Ni ukimya wetu, sisi wa katikati, tuliodhani kuwa Chasu kitajifundisha chenyewe kwa watoto.

Asubuhi mtoto alinifuata bustanini akaniuliza kulia kunaitwaje kwa Chasu, na kucheka, na shamba. Aliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari lake. Jioni alijaribu kumjibu bibi yake mwenyewe, akakosea, mama akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamsahihisha polepole. Usiku huo mimi nilikaa nyuma, sikufasiri.

Basi, wapenzi wa lugha, sikukuu ijayo watu watakapowasha sinema, msiombe kimya. Mwacheni mzee aulize, na mtoto awe mkalimani. Nawaachia ubeti mmoja wa kuagana:

Bibi akae kitini, mjukuu atamke,
Picha ije ukutani, neno letu lisikike,
Kicheko kijae ndani, na swali lisikatike,
Likizo ya mlimani, lugha zetu zitumike.