Mgeni ni Nani Akishika Namba Moja?

Juzi nilikuwa Tabaka, kwa wachongaji wa mawe. Mzee mmoja, huku akisugua sahani yake kwa msasa, alinitolea dukuduku: "Mwalimu, hawa wageni wa Uganda na Sudan Kusini wanakuja vyuoni mwetu, wanashika namba moja, watoto wetu wanabaki kupiga makofi tu." Wenzake waliafiki. Mimi nilinaswa na neno moja: wageni.

Kwa Ekegusii tunasema omogeni, neno lililo ndugu wa mgeni. Katika lugha zote mbili ndiye anayepishwa kiti na kuandaliwa chakula. Iweje akiongoza darasa ageuke mnyang'anyi?

Tukumbuke tulikotoka. Kuanzia 1963, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vitatu ndani ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Mkenya aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Aliyetaka sheria, Dar es Salaam. Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga alisomea sheria huko huko Dar. Waganda na Watanzania waliotaka uhandisi nao walikuja Nairobi. Ushindani ulikuwepo, tena mkali, ila aliyekushinda alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu chako. Mnamo 1970 chuo hicho kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Hapo ndipo Mganda alipokuwa mwanafunzi wa kigeni jijini Nairobi. Alama zake hazikuwa zimebadilika.

Mwaka wa 1985 mpaka ulisogezwa hadi mlangoni. Serikali iliagiza asilimia 85 ya nafasi katika shule za upili ziende kwa wanafunzi wa eneo ilipo shule. Sasa hata mtoto wa Kisii akienda Kakamega akaitwa mtu wa nje, na pasipoti hana!

Na sisi Abagusii, jamani, tusijifanye tumesahau harambee. Tuliuza ng'ombe, tukachanga, tukapeleka watoto India na Marekani. Leo Wakisii wamejaa Minnesota. Mtoto akituma habari kwamba amewapiku Wamarekani darasani, kijiji kizima kilishangilia. Sikumbuki hata mchango mmoja ambapo mtu alisimama kuuliza kijana wetu atachukua nafasi ya nani.

Mei 2017 viongozi wa Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Nilipomweleza yule mzee haya, aliguna. Kumbe ana binti anayesomea uuguzi Kampala, na amekuwa wa pili darasani.

"Huko naye ni mgeni?" nikamuuliza.

Alipuliza vumbi kwenye sahani. "Huyo ni mtoto wetu, Mwalimu."

Akarudia msasa wake, nami nikamlipa sahani mbili.